Ngoma ya Kale Isiyo na Alama: Namna ya Kukadiria Umri Wake na Kumtafuta Fundi Aliyeichonga

Fundi wa ngoma wa Afrika Mashariki hakuwa na desturi ya kuandika jina lake juu ya kazi yake, wala hakuchora mwaka. Ngoma ilijulikana kwa jina lake yenyewe, kwa ukoo ulioitunza na kwa shughuli iliyopigiwa, na waliohitaji kumjua aliyeichonga walimjua. Taabu huanza pale ngoma inapotoka mikononi mwa wanaoijua: mzee amefariki, nyumba imebomolewa, warithi wamegawana vyombo, na ngoma imebaki pembeni bila mtu wa kuieleza, au imeuzwa mara tatu hadi ikafika dukani ikiwa na kikaratasi kisemacho "ya kale" na basi. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyejikuta na ngoma ya namna hiyo, awe mrithi, mwalimu, mnunuzi au mtunza makumbusho ya kijiji, ambaye angependa kujua ni ya lini na ilitoka mikononi mwa nani.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba ngoma haina umri mmoja. Mzinga, yaani lile gogo lililotobolewa, una umri wake. Ngozi ina umri wake. Kamba na vigingi vina wao. Na viraka, kama vipo, vina wao pia. Ngozi huchakaa na kupasuka, ikawambwa nyingine, ilhali mzinga uleule huendelea kupokea ngozi mpya kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo anayeona ngozi ingali na manyoya pembeni na kusema "hii ni ya juzi" anaweza kukosea kwa miaka mingi, na anayeona ngozi iliyokauka na kukunjamana na kusema ni ya enzi za mababu anaweza kukosea vilevile, kwa kuwa ngozi iliyoachwa kwenye jua na mvua msimu mmoja huzeeka haraka sana. Chukua karatasi, igawe kwa sehemu za ngoma, na uandike unachokiona kwa kila sehemu peke yake kabla ya kutoa hukumu yoyote juu ya kitu kizima.

Kabla ya kuanza, usiisafishe. Usiipake mafuta, usiifute kwa kitambaa chenye maji, wala usilegeze kamba hata moja. Masizi, vumbi lililoganda na jasho la mikono ndiyo maandishi ya ngoma isiyo na maandishi, na nimeona zaidi ya mara moja mtu mwenye nia njema akiyafuta yote kwa nusu saa. Unachohitaji ni utepe wa kupimia, tochi, lenzi ya kukuzia, simu yenye kamera, karatasi nyeupe pana na, ukiweza kupata, ile kamera ndogo yenye waya mrefu ambayo mafundi magari huitumia kuchungulia ndani ya injini. Iweke ngoma juu ya karatasi nyeupe, igonge taratibu kwa kiganja, na utazame kinachodondoka: unga wa mti ulioliwa na wadudu, masizi, mbegu, pengine manyoya. Kihifadhi kwenye bahasha.

Kisha anza ndani, usianze nje. Nje ya ngoma hushikwa, husuguliwa, hupakwa rangi na hupambwa ili ipendeze. Ndani hakuna anayejisumbua. Kama ngoma ina ngozi upande mmoja na mguu ulio wazi, kazi ni rahisi: ilaze, washa tochi kwa upande ili mwanga ulambe ukuta wa ndani, na alama za chombo zitajitokeza kwa vivuli vyake. Tezo huacha makovu mafupi yenye umbo la ganda, yaliyolaliana kama magamba ya samaki. Patasi huacha mikato iliyonyooka na myembamba, mara nyingi ikishuka kutoka mdomoni. Moto uliotumika kulainisha kiini cha gogo huacha weusi ulioingia ndani ya nyuzi za mti, tofauti na masizi ya jikoni ambayo hukaa juu tu na kutoka ukipitisha kidole. Kerezo huacha mistari ya duara iliyolingana. Msumeno wa injini, ambao wengi huuita chenso, huacha mikwaruzo mirefu, ya kina kimoja, inayokatiza nyuzi bila kuzijali, na mzinga wenye mikwaruzo hiyo hauwezi kuwa wa karne ya 19 hata muuzaji aape namna gani, kwa kuwa misumeno ya injini ya kubebwa na mtu mmoja ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Tazama pia rangi ya mti wenyewe. Mti uliokaa wazi kwa miongo mingi huiva hadi kuwa kahawia au kijivu, na rangi hiyo hufifia taratibu ukiingia ndani ya ufa. Ufa wa zamani una vumbi na rangi ileile ya ukuta. Ufa mpya ni mweupe. Katika duka moja la vitu vya kale niliwahi kuonyeshwa ngoma nyeusi tii, iliyong'aa, ambayo nilielezwa kuwa ilikuwa ya mtemi. Nilipoichungulia kwa mguuni, weusi ulikoma ghafla kiasi cha vidole vinne kutoka ukingoni, pale mkono wa aliyeipaka ulipoishia, na juu yake mti ulikuwa wa rangi ya maziwa. Harufu ilikuwa ya dawa ya viatu. Hasara haikuwa kubwa kwangu kwa sababu sikuinunua, lakini niliumia kwa ajili ya yule aliyeichonga, maana ilikuwa kazi nzuri ya mikono ambayo ingeuzwa kwa haki kama kazi mpya.

Baada ya ndani, nenda kwenye ukingo, kwani hapo ndipo palipo na ushahidi bora kuliko wote kwa ngoma za vigingi. Kila ngozi inapowambwa kwa vigingi vidogo vya mti, fundi hutoboa matundu kuzunguka mdomo wa mzinga. Ngozi ikichakaa, vigingi hung'olewa, na mwambaji anayefuata aghalabu hawezi kutumia matundu yaleyale yote, kwa kuwa mengine yamelegea; hivyo hushuka kidogo na kutoboa safu mpya. Hesabu safu hizo. Ngoma moja niliyoichunguza kwa siku mbili ilikuwa na safu tatu: ya juu kabisa ilikuwa ya matundu ya mraba yaliyochokolewa kwa chuma chenye ncha, mengi yakiwa yamezibwa na mabaki ya vigingi vilivyokatwa usawa wa mti, ya pili ilikuwa ya matundu ya duara, na ya tatu, iliyokuwa ikishika ngozi ya sasa, ilikuwa ya misumari. Hapo mzinga ulijieleza wenyewe kwamba uliwambwa si chini ya mara tatu, na kwa vyombo vitatu tofauti, pengine na watu watatu. Mwaka haukuandikwa popote, lakini mpangilio wa matukio ulikuwa wazi kama daftari.

Misumari na kamba ndizo zinazokupa mwaka wa kuanzia. Kanuni ni hii: kitu cha kigeni kwenye ngoma hakikuambii ngoma ilichongwa lini, kinakuambia tu kwamba kitendo fulani hakikufanyika kabla ya kitu hicho kuwapo. Msumari uliofuliwa na mhunzi una mwili wa pembe nne na kichwa kisicholingana. Msumari wa mviringo wa waya, uliotoka kiwandani, ulienea duniani mwishoni mwa karne ya 19. Parafujo yenye mtambuko kichwani ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Kamba ya nailoni haikuwapo sokoni kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1930, na ile kamba ya plastiki ya buluu au ya kijani tunayofungia mizigo hutokana na polipropilini, iliyogunduliwa miaka ya 1950. Uzi wa pamba unaong'aa weupe wa kibuluu chini ya tochi ya mionzi ya urujuani umepitia sabuni au dawa za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiraka cha bati kilichokatwa kwenye debe la mafuta ni hazina: tumia kioo kuona maandishi yaliyobaki upande wa ndani, na kama kinataja galoni badala ya lita, huenda debe hilo ni la kabla ya nchi zetu kuhamia vipimo vya mita. Rangi nayo hujieleza. Ngoma ya Burundi iliyopakwa nyekundu, nyeupe na kijani imevaa bendera ya nchi huru, na nchi hiyo ilipata uhuru mwaka 1962. Ngoma ya Tanzania yenye kijani, njano, nyeusi na buluu kwa pamoja ilipakwa mwaka 1964 au baadaye. Lakini chini ya rangi hiyo mzinga unaweza kuwa mkongwe, kwa hiyo tafuta mahali ilipobanduka.

Mara nyingine ndani ya ngoma iliyofungwa pande zote mbili husikika kitu kikigonga. Usikitoe. Katika ufalme wa Buganda na kwa jirani zake ngoma nyingi za heshima ziliwekewa kitu ndani kabla ya kufungwa, na kitu hicho kilihesabiwa kuwa moyo wa ngoma. Ukikiona kwa kamera kupitia mpasuko, kipige picha na ukiache. Kama ni sarafu, kanuni ni ileile: sarafu ya heller ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1904, inaonyesha kwamba ngozi haikufungwa kabla ya mwaka huo, wala haisemi zaidi ya hapo.

Mti wenyewe husaidia kwa upande wa mahali kuliko upande wa umri. Mringaringa hupendwa na mafundi wengi kwa kuwa ni mwepesi, hutobolewa kwa urahisi na hutoa sauti njema. Warundi huuita umuvugangoma, na jina lenyewe linataja ngoma. Waganda hutumia sana musizi. Hapa pana kipimo kizuri: musizi uliletwa kupandwa Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani. Kwa hiyo ngoma ya musizi inayodaiwa kuchongwa Tanga miaka ya 1850 ina maelezo ya kutoa. Vivyo hivyo kwa mgrevilea, mti wa Australia ulioletwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya kivuli katika mashamba ya kahawa na chai. Kuutambua mti kwa macho peke yake ni hatari, hasa ukiwa umevaa masizi. Mtafute seremala mzee, au ofisa wa misitu mwenye lenzi, naye atazame sehemu iliyokatwa kukingama nyuzi.

Uchakavu usomwe kwa akili ya mpigaji. Keti, ishike ngoma kama inavyoshikwa, na ujiulize mwili wako unaigusa wapi. Ngoma ya kubanwa mapajani hung'aa ubavuni. Ya kuning'inizwa shingoni huwa na kovu la mkanda. Ya kusimamishwa huliwa mguuni, na kwa upande mmoja zaidi, kwa sababu mpigaji huiinamisha kuelekea kwake. Ya kupashwa moto ili ngozi ikaze huungua kidogo ukingoni. Uchakavu ulioenea sawasawa kila mahali, hata pale pasipofikiwa na mkono wala goti, umetengenezwa kwa msasa. Matundu ya wadudu yanahitaji uangalifu wa namna yake: tundu la duara ni mlango wa mdudu aliyetoka, na ni jambo la kawaida kwa mti uliokaa, lakini ukiona mifereji yao imepasuliwa kwa urefu na kubaki wazi juu ya uso wa mzinga, jua kwamba mti uliliwa kwanza na kuchongwa baadaye. Gogo kuukuu linaweza kuchongwa ngoma mpya.

Sasa tuje kwa fundi. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ingawa walisema hivyo kwa maana nyingine, kwa mchunguzi methali hiyo ni kweli tupu: kila jamii ilikuwa na namna yake ya kuivuta ngozi, na namna hiyo ndiyo sahihi ya kwanza. Tofauti kubwa ni kati ya kamba na vigingi. Ngoma za Buganda, na za ukanda mzima wa maziwa makuu hadi Karagwe na Buhaya, nyingi zina umbo la bakuli refu linalopungua kuelekea chini, ngozi juu na ngozi chini, na kanda za ngozi zilizosokotwa zikishuka na kupanda kwa wingi kiasi kwamba mti wakati mwingine hauonekani kabisa. Mpambire, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, hadi leo ni kijiji mashuhuri cha mafundi wa ngoma za aina hiyo, na ni mahali pa kwanza pa kupeleka picha zako kama msuko wa kamba unafanana. Engalabi ya hukohuko ni tofauti: ni ndefu, ina ngozi upande mmoja, na kwa desturi ngozi hiyo ni ya kenge. Ngoma kubwa za Burundi huwambwa kwa vigingi vinene vilivyochomoza kuzunguka mdomo, na mwili hupungua hadi mguu mwembamba ulio wazi. Kwa Wamakonde na majirani zao wa kusini utakuta vigingi pia, lakini mizinga ni myembamba zaidi, na baadhi ina ncha ndefu chini ya kuchomekwa ardhini. Pwani, chapuo ina ngozi pande mbili na kamba, msondo ni mrefu na husimama, na vidumbaki vya zamani vya Zanzibar vilikuwa vya udongo wa kufinyangwa.

Ukishapata eneo, tafuta ngoma yenye tarehe ya kulinganisha nayo. Makumbusho za Ulaya zina vitu vyetu vingi, na jambo moja zililofanya vizuri ni kuandika tarehe ya kupokea. Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alisafiri katika nyanda za kusini, kutoka Lindi hadi uwanda wa Makonde, mwaka 1906, na vitu alivyovikusanya vilikwenda makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Ngoma iliyopokelewa wakati huo haiwezi kuwa ya baadaye, kwa hiyo ni kipimo cha uhakika. British Museum ina Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyopelekwa huko mwaka 1908 baada ya kuchukuliwa na maofisa wa kikoloni, na Wapokomo wameendelea kuidai. Siwezi kuitaja kama kipimo tu bila kutaja dai hilo. Karibu zaidi nasi, makumbusho ya Bujora huko Kisesa, nje ya Mwanza, yana ngoma za watemi wa Usukuma, na Makumbusho ya Uganda mjini Kampala yana mkusanyo mzuri wa ala. Nenda na vipimo: urefu, kipenyo cha mdomo na cha mguu, unene wa ukuta, idadi ya vigingi, umbali kati yake.

Kutoka eneo hadi mtu mmoja ni safari ngumu, na mara nyingi haifiki. Lakini mkono wa fundi upo. Upana wa kovu la tezo hukuambia upana wa bapa lake. Mwelekeo wa makovu hukuambia kama alitumia mkono wa kulia au wa kushoto. Namna alivyomalizia ukingo wa mguu, fundo alilofunga mwanzo na mwisho wa kamba, idadi ya vigingi aliyozoea, hayo ni mazoea ambayo mtu huwa nayo bila kufikiri. Ngoma mbili zikifanana katika manne au matano ya hayo, zimetoka katika mkono mmoja au kwa mwalimu mmoja.

Jina lenyewe litatoka vinywani mwa watu. Nenda kwa wazee wa mahali ulipoashiriwa, toa shikamoo, keti, na usianze na swali la mwaka. Swali la "hii ni ya mwaka gani?" humlazimisha mzee kubuni ili asikuaibishe. Uliza ngoma hii ilikuwa ikiitwa nani, ilipigwa katika shughuli gani, nani aliruhusiwa kuigusa, mti wake ulikatwa wapi, nani aliiwamba mara ya mwisho na alijifunza kwa nani. Funga tarehe kwa matukio wanayoyakumbuka wenyewe: kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya barabara kupita, wakati wa mtemi gani. Waulize pia wanawake, hasa kwa ngoma za unyago, kwa kuwa mara nyingi wao ndio waliozitunza na mwanamume hawezi kukueleza neno. Ipige ngoma, au mwombe anayejua aipige. Nimeona mzee aliyeitazama ngoma dakika kumi bila kuitambua, akaitambua kwa mlio wa kwanza.

Watu huuliza kuhusu kipimo cha kaboni. Kwa ngoma za umri tunaouzungumzia kina msaada mdogo, kwa sababu kati ya takriban mwaka 1650 na 1950 matokeo huyumba kiasi cha kutoa majibu kadhaa kwa sampuli moja, na isitoshe kwenye mzinga hupima mti ulipokua, si siku ulipochongwa. Kinachoweza kukifanya vizuri ni kumbaini mwongo: majaribio ya mabomu ya nyuklia angani katika miaka ya 1950 na 1960 yaliacha alama katika kila kilichokuwa hai baada ya hapo, kwa hiyo ngozi au mti wa baada ya wakati huo hujulikana mara moja.

Kama unafikiria kuuza au kusafirisha, jua kwanza kwamba Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, zote zikidhibiti utoaji wa vitu vya kale nje ya nchi, na kwamba ngozi ya kenge inahitaji kibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na kama wazee wamekuambia kwamba ngoma ni ya tambiko au ya utemi, zungumza na wenyewe kabla ya kuzungumza na mnunuzi.

Mwisho andika kumbukumbu, ukitenga ulichokiona, ulichoambiwa na unachokikisia. Ile ngoma yangu ya safu tatu niliiandika hivi: "Mzinga wa mti mmoja, umetobolewa kwa tezo lenye bapa la sentimita nne, ndani umeiva hadi kahawia. Umewambwa si chini ya mara tatu. Mara ya mwisho kwa misumari ya waya. Ngozi ya sasa ni ya mbuzi. Umbo na vigingi ni vya kusini, yumkini uwanda wa Makonde. Mwenye nyumba anasema aliikuta kwa babu yake alipokuwa mtoto, kabla ya uhuru. Makisio: mzinga ni wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 au kabla, ngozi ni ya baadaye sana. Fundi hajajulikana, alitumia mkono wa kushoto."